Kwa Mumbua, ambaye mwili wake haunyamazi

Mwaitu,

Kabla hujafika mstari wa pili, angalia kama kuna mtu nyuma yako. Nakusihi kwa moyo wote, barua hii usimsomee mtu yeyote, wala rafiki utakayempata huko shuleni, wala mama yako, ambaye ndiye atakayekupeleka kesho na ambaye ananijua vya kutosha bila kusoma. Ukiimaliza, itie motoni. Usiitupe tu, maana karatasi iliyotupwa huokotwa. Nimetaja humu watu wanaoweza kunifukuza kazi kabla ya chai ya saa nne, na mimi, kama unavyojua, ni mwoga. Namwogopa mkubwa wangu, namwogopa mama yangu, na mtu akibisha hodi ofisini mimi husimama kabla sijajua ni nani.

Usitafute humu habari za sabuni, wala za kufunga sanduku, wala za kuwasalimia walimu. Nawasikia wewe na mama yako mkiyamaliza hayo huko chumbani. Mimi nataka kuzungumza juu ya mwili wako, na juu ya watu waliojifanya kuujua kuliko wewe, na juu ya jambo nililolifanya juzi nilipokwenda Kikima kukuandikisha sekondari ya bweni. Jambo hilo nililifanya kwa werevu. Ogopa sana werevu wa karani.

Tuanze na sweta. Shule yetu hapa Zombe iliamua kwamba kila mtoto avae sweta ya sufu ya kijani, katika soko ambalo mbuzi wenyewe hutafuta kivuli kabla jua halijapanda. Sababu ilikuwa nini? Mwalimu mkuu alikuwa ameona shule fulani ya Nairobi ikivaa hivyo. Watoto wengine walijikuna siku chache wakazoea. Wewe uliivua kwenye paredi, bendera ikipanda, ukabaki na shimizi mbele ya shule nzima.

Mwalimu wa zamu alikuja kunisimulia ofisini, akicheka, miguu yake kwenye kiti changu cha wageni.

"Nikamwambia, vaa. Anasema, 'Iko na siafu.' Nikaikung'uta sweta mbele ya watoto. Nikawauliza, 'Nyinyi mnaona siafu?' Wakasema, 'Hatuoni, mwalimu!' Karani, binti yako ni muongo, lakini ni muongo wa kuchekesha."

Nikacheka naye. Mtu mzima aliyesomea ualimu alikung'uta sufu akitafuta wadudu, asipowaona akaona amemshinda mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nilimpa chai. Jioni ile nilikushika mikono huku nyanya yako akikuvisha sweta hiyo ili uizoee. Ulilia mpaka ukatapika. Nyanya yako akasema, "Wakati wa njaa mimi nilivaa gunia. Gunia! Na sikulia. Huyu anaitwa Mumbua kwa nini? Ananichafulia jina."

Unajua kwamba ulipewa jina lake kwa desturi yetu, na ndiyo maana mimi baba yako nakuita mwaitu, yaani mama. Lakini sidhani umewahi kujua jinsi yeye alivyoielewa desturi hiyo. Aliona amepewa nafasi ya kuishi mara ya pili, na huyo wa pili lazima awe bora kuliko wa kwanza. Kila ulipoziba masikio, yeye ndiye aliyeona haya. Kila ulipotema maziwa kwa sababu ya utando wa juu, aliona ni yeye anayetema mbele ya wageni. Mwanamke huyo hajala ndizi tangu nimjue, anasema zinateleza kama konokono, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ana mapepo. Yeye ni mzee, kwa hiyo kwake inaitwa kuchagua chakula.

Nilikupeleka hospitali, usiseme sikujaribu. Daktari alikutazama macho, akakutazama ulimi, akaandika dawa ya minyoo. Nilimweleza habari ya sweta, na kelele, na jinsi unavyoruka mtu akikugusa bega kidogo tu. Akaandika dawa ya minyoo mara ya pili. Nilisema asante, daktari.

Na jambo lililowasaidia wote kukuhukumu ni maji. Unajua safari yako ya mtoni, kuchimba mchanga hadi maji yatokee, kujaza mtungi, kuutia mgongoni na kupitisha mukwa, ule mkanda wa kubebea, kwenye paji la uso, kisha kupanda kuja nyumbani umeinama. Wasichana wakubwa kuliko wewe walikuwa wakipumzika njiani. Wewe hukupumzika. Ulifika nyumbani uso umetulia kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri, ukaweka mtungi chini, ukala chochote ulichopewa. Watu walikuona, wakajenga kesi yao. Mtoto anayebeba mzigo kama huo bila kulalamika, anawezaje kushindwa na sweta? Basi ana kiburi. Walisema hivyo sokoni, walisema hivyo shuleni, na Mzee Nzioka alisema hivyo ofisini huku akichovya mandazi kwenye chai yangu.

Mzee Nzioka ndiye karani mkuu wa chama chetu cha ushirika, na Jumapili ndiye mzee wa kanisa. Mungu alimpa sauti nene, na yeye ameitumia badala ya akili tangu hapo. Mimi niko chini yake siku sita kwa meza na siku ya saba kwa benchi. Nilipopandishwa cheo kidogo, nikapewa funguo za kabati, alikuona dirishani siku moja ukipita na mtungi.

"Karani," akasema, "sasa wewe ni mtu wa funguo, na binti yako bado ni punda?"

Ofisi yote ikacheka. Sikulala vizuri. Kesho yake nilipatana na mwenye punda wa kweli atuletee maji, nikakukataza kwenda mtoni. Nilikuambia kwa majivuno, binti ya karani hachoti maji. Ulinitazama kama nimekunyang'anya chakula. Nilidhani hujui shukrani.

Muhula ule ndio ulikuwa mbaya kuliko yote, nawe unaukumbuka kuliko mimi. Ulimuuma msichana aliyekusuka nywele. Ulikataa kuoga, maji yanachoma. Ulikaa chini ya kitanda kila mvua ilipopiga mabati. Na mimi, mwenye cheti kizuri cha shule ya sekondari, sikuweza kuunganisha mambo mawili: kwamba maji yalianza kuletwa na punda, na kwamba mtoto wangu alianza kuharibika. Niliona tu kwamba nilikuwa nimekupa maisha mazuri nawe unayatema.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Kina mama walikuja na kayamba, vijana na ngoma ya debe, na kila mtu akaimba akielekea mbele na kuku wake na maboga yake. Wewe uliingia chini ya benchi ukapiga kelele kuliko ngoma. Mzee Nzioka akanyoosha mkono, nyimbo zikakatika.

"Hii mtoto iko na kitu," akasema. "Hii si tabia. Mleteni hapa."

Walikuleta, yaani mimi ndiye niliyekuleta. Wakakuzunguka, wakaweka mikono yao juu yako, mikono mingi, myepesi, ya kutetemeka, kichwani, shingoni, usoni. Sasa ninajua kwamba mkono mwepesi kwako ni kama makaa, na mkono mzito unakupumzisha. Wale walikugusa kwa wepesi wote wa utakatifu. Ulirusha kiwiko, miwani ya Mzee Nzioka ikaruka, ikaanguka katika kapu la mayai ya mavuno.

Wewe hukuona nilichoona mimi. Bila miwani, aliendelea kukemea pepo huku akimwelekea mama mwenye maboga. Mama huyo akasema, "Mzee, si mimi, ni mtoto." Ningekuwa mwanaume ningecheka pale pale, nikakubeba tukaenda nyumbani. Badala yake niliinama kuitafuta miwani kati ya mayai, nikaipangusa kwa shati langu.

Wakaniambia nilete mbuzi. Kanisa lao linahubiri kila wiki dhidi ya mambo ya kale, lakini mtu mkubwa akivunjiwa heshima wanakumbuka mbuzi haraka sana. Nyanya yako akawaunga mkono, akasema mbuzi awe wa rangi moja. Nikaleta. Mzee Nzioka alikula figo. Mtoto wangu alikuwa ameshikwashikwa na watu wazima asiotaka wamshike, na mimi nikawalisha nyama.

Nilichojifunza baadaye sikukipata kwa hekima. Kilikuja kwa sababu punda alivunjika mguu na mwenyewe hakutuambia. Nyumba ilikauka. Mama yako alikuwa sokoni, nyanya yako analalamika, mimi ofisini. Ulichukua mtungi ukaenda. Nilipofika nyumbani nilikukuta umekaa kwenye kizingiti, umevaa sweta. Sweta ile ile. Umeivaa mwenyewe kwa sababu upepo ulikuwa baridi, kama mtoto yeyote.

Nikauliza, "Siafu wameenda wapi?"

Ukasema, "Wako. Lakini nikibeba, mwili unanyamaza."

Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisi. Sentensi moja, ya mtoto ambaye mwalimu wake alimwita muongo. Nimesoma barua nyingi za wakubwa katika maisha yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza jambo kwa maneno machache hivyo.

Tangu hapo tukawa tunajaribu, mimi na wewe, kama watu wanaopika pombe haramu. Asubuhi kabla ya kanisa, mtungi kwanza, kisha benchi la mwisho karibu na mlango. Fulana ya pamba iliyochakaa chini ya sweta, mishono ikiwa nje. Maziwa yachujwe. Isyo, yale mahindi na maharagwe, uyale yakiwa yamepoa, si moto. Mtu akitaka kukusuka, abonyeze kichwa kwa viganja kwanza, kwa nguvu, ndipo aanze. Kabla ya mtihani, ukae ukisokota katani kwenye paja mpaka paja liwe jekundu. Hatukuondoa kitu. Siafu wako, kama ulivyosema. Lakini ulijua wanapokuja, na mara nyingi ulijua cha kufanya.

Na nikufunulie hili pia. Unadhani nilikuwa nakuamsha mapema uende mtoni kwa sababu ya jua. Nilikuamsha mapema ili Mzee Nzioka asikuone na mtungi. Mambo tuliyoyajua yalikuwa ya kweli, na bado nilikuficha kama kitu cha wizi. Ukawa unarudi kabla watu hawajafungua maduka, nami nakaa mlangoni nikitazama barabara, si wewe.

Sasa Kikima. Shule yenyewe ni nzuri, iko juu, kuna ukungu na miti, na mahali penye baridi watu huongea polepole. Mwalimu mkuu wao ni mama mnene mwenye kalamu mbili zilizochomekwa kwenye nywele zilizobanwa nyuma. Aliniuliza, "Kuna jambo lolote kuhusu mtoto tunalopaswa kujua?"

Mlango ulikuwa wazi, mwaitu. Aliuliza mwenyewe. Nami nilikuwa nimeyapanga maneno yote njiani. Lakini niliwaza, nikimwambia mtoto wangu anaumizwa na sweta, atanitazama kama alivyonitazama daktari, na nafasi atapewa mwingine. Nikatafuta ugonjwa unaoheshimika. Nikasema, "Ana kifua." Nikasema apewe kitanda cha pembeni, mbali na mlango na kengele, asisongwe na watu, kwa ajili ya kifua. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma. Nikajipongeza. Nilikuwa nimepata kitanda bila kutaja neno moja la aibu.

Kisha akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Asifanye kazi nzito."

Nikatabasamu. Nikasema, "Asante sana, mwalimu." Nikatoka.

Nilipofika getini ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Huko maji yanakuja kwa bomba. Hakuna mto, hakuna mchanga wa kuchimba. Kitu pekee kilichobaki ni kazi za shule: kuni za jikoni, kupasua magogo, kubeba magunia ya mahindi kutoka stoo, kufua mablanketi. Na mimi kwa mdomo wangu nimekufungia zote. Wenzako watakuwa wakibeba, wewe utawekwa kwenye kiti uandike majina yao, na watakuonea wivu. Ndani ya wiki siafu watakuwa wamefika shingoni. Utafanya jambo, utamrushia mtu kiwiko, na utafukuzwa kama ulivyofukuzwa hapa darasa la sita kabla sijampigia magoti mwalimu mkuu. Shule ya pili ya sekondari hatuna. Nyanya yako ameshanena na watu wa kanisa kwamba ukirudi, watakushughulikia wao, safari hii kwa kufunga na kukesha.

Nilitaka kurudi ndani. Nilisimama getini mpaka askari wa shule akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, akanionyesha njia ya stendi. Nikaifuata.

Niliomba ruhusa nikupeleke kesho mimi mwenyewe, ili niyaseme. Mzee Nzioka akauliza, "Mama yake hana miguu?" Nikasema, "Anayo, Mzee." Nikarudi kwa meza yangu. Ndiyo habari yote ya ushujaa wangu.

Kwa hiyo nakuambia hili, nawe ulipime mwenyewe. Usilinde uongo wangu. Mlezi mzuri hakuachii mzigo wa kumfichia haya yake. Siku ya kwanza ya kazi, wakikupa kiti, usikae. Nenda kwa yule mama mwenye kalamu mbili, umwambie, "Baba yangu alidanganya. Sina kifua." Sema hivyo hivyo, usinipambe. Kisha mwambie ulichoniambia kizingitini. Usiseme ni ugonjwa, kwa sababu sijui kama ni ugonjwa, na watu wakishapata jina huacha kusikiliza. Mwambie ni sweta, ni kengele, ni mikono myepesi, ni utando wa maziwa, na kwamba ukipasua kuni asubuhi utakaa darasani mchana. Mwombe wiki moja ajaribu. Huenda akacheka. Nimechekwa na wajinga wengi kuliko yeye, nawe pia, na bado umefaulu mtihani ambao watoto wa Mzee Nzioka, wasio na siafu hata mmoja, walianguka.

Na akisema haamini, akisema mlete baba yako, usilie wala usifungashe. Niite.

Nilitaka kukuambia utume neno kwa kondakta wa basi la Kitui, amwambie mama yako sokoni, naye aniambie polepole jioni. Hiyo ndiyo njia ambayo mtu kama mimi angeichagua. Basi hilo hulala njiani, na wewe huna siku za kupoteza. Kwa hiyo fanya hivi. Nenda posta ya Kikima, mwambie opereta unataka ofisi ya ushirika, Zombe, na kwamba ofisi ndiyo itakayolipa. Simu yetu iko mezani kwa Mzee Nzioka. Ataishika yeye, na atakohoa kabla ya kusema, ngoja amalize. Atauliza wewe ni nani. Sema jina lako, lote. Atauliza kuna nini, mambo gani ya watoto kupiga simu kazini. Usimpe sababu, hana kazi nayo. Mwambie tu, "Mwambie baba yangu aje Kikima leo," nawe useme kwa nguvu, maana meza yangu iko hatua chache kutoka hapo na mimi ninasikia vizuri. Nikisikia jina lako sitamngoja anigeukie. Nitaacha funguo za kabati juu ya mandazi yake, nami nitakuwa njiani.

Baba yako